Mwongozo Kamili wa Kutazama na Kupiga Picha Ndege katika Majira ya Baridi Yenye Mvua Nchini Uingereza

Kuanzia Novemba hadi Februari, nyanda za chini za Uingereza hujaa maji ya mvua na ya mito iliyofurika, na maji hayo ndiyo yanayoamua ndege watakuwa wapi, watakula nini, na watamruhusu binadamu awakaribie kwa kiasi gani. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya msomaji wa Kiswahili anayeishi huko, au anayekusudia kukaa huko msimu mmoja, ambaye tayari ana kamera na darubini lakini huvifungia kabatini mara mawingu yanapotanda. Ushauri wake mkuu ni kwamba safari zipangwe kwa kuyafuata maji, si kwa kulisubiri jua, kwa kuwa jua la Desemba ni haba na halitegemeki, ilhali kupanda na kushuka kwa maji hujulikana siku kadhaa kabla.

Hatua ya 1: Elewa urefu wa mchana

Mjini London, karibu na tarehe 21 Desemba, jua huchomoza mnamo saa 2 asubuhi na kuzama kabla ya saa 10 jioni. Mchana mzima haufiki saa 8, na ukiondoa mapambazuko na magharibi yenye mawingu mazito, mpiga picha hubakiwa na saa nne au tano zinazofaa. Kwa mtu aliyezoea saa 12 za mchana mwaka mzima, kama ilivyo Mombasa au Kampala, ratiba yote hubadilika. Hata hivyo kuna fidia yake. Adhuhuri ya Dar es Salaam jua huwa utosini, likaacha kivuli kizito chini ya jicho na tumbo la ndege, na wapiga picha wenye busara hupumzika wakati huo; adhuhuri ya Desemba mjini London jua hupanda nyuzi 15 tu juu ya upeo, kwa hiyo likijitokeza huangaza kwa ubavu kuanzia asubuhi hadi jioni. Usiache uwanja kwenda kutafuta chakula cha mchana. Beba mkate na chupa ya chai ya tangawizi, ukae.

Hatua ya 2: Soma maji kabla ya kusoma anga

Mafuriko hayana thamani sawa kwa kila ndege. Maji ya kina kifupi, yanayofika kifundo cha mguu juu ya malisho, hulainisha udongo, huinua mbegu na kuwatoa minyoo juu, na hapo ndipo bata wanaolisha kwa kuinamisha kichwa, shakwe, na ndege wenye midomo mirefu wanaochoma tope hukusanyika. Maji yakizidi kina hicho, bata hao hawaufikii tena chini, nyasi za kula huzama, na kundi lote huhamia mashamba ya jirani. Kwa sababu hiyo, siku nzuri si ile ya kilele cha mafuriko bali zile zinazofuata, maji yanapoanza kupungua na kingo za malisho kujitokeza tena. Shirika la serikali linaloshughulikia mito, Environment Agency, hutangaza bure vipimo vya vina vya mito kwa kila kituo. Ukivifuatilia kwa wiki chache utajua kipimo gani katika mto wako kinamaanisha kwamba malisho yamefunikwa kidogo tu.

Mdiria ana kanuni yake. Yeye huwinda kwa macho, na mto uliofurika na kuchafuka rangi ya chai ya maziwa humfunga macho. Mvua kubwa ikinyesha siku mbili mfululizo, usimngoje kwenye daraja ulilomzoea. Mtafute kwenye mabwawa yaliyotulia, mifereji isiyopitisha mkondo, na hata kwenye bandari ndogo za pwani ambako maji bado ni angavu.

Bundi mweupe anayelala maghalani naye hutabirika, pengine kuliko wote. Manyoya yake ni laini mno ili aruke bila kelele, lakini ulaini huo humfanya alowe upesi, na sauti ya mvua juu ya majani humzuia kusikia panya. Baada ya usiku mbili au tatu za mvua isiyokatika huwa na njaa, na mara hali inapotulia hutoka kuwinda mchana kweupe. Alasiri ya kwanza kavu baada ya mvua ndefu ni miadi yake, na mimi ningeacha shughuli nyingine yoyote kwa ajili ya alasiri hiyo.

Hatua ya 3: Chagua sehemu moja na uirudie

Mgeni huvutwa na orodha ndefu ya hifadhi, akazunguka na gari kutwa nzima. Katika mchana wa saa nane hilo ni hasara tupu. Chagua sehemu moja unayoweza kuifikia kwa urahisi, uijue katika hali zote za maji.

Kwa upande wa magharibi, nyanda za Somerset Levels hazina mfano. Hifadhi za Ham Wall na Shapwick Heath zinapakana, na zote zilitokana na machimbo ya mboji yaliyogeuka mabwawa ya matete. Jioni za Novemba hadi Februari makundi makubwa ya kwezi hurudi hapo kulala, na kabla ya kutua huzunguka angani kwa pamoja wakibadili umbo kama moshi. Ikumbukwe kwamba onyesho hilo hupendeza jioni tulivu na kavu. Mvua ikinyesha au upepo ukivuma sana, kwezi huja moja kwa moja na kutumbukia mateteni bila mbwembwe. Siku kama hiyo ni bora kuja alfajiri, kwa sababu hata baada ya usiku wa mvua huondoka kwa mawimbi jua linapochomoza. Kwa kuwa hubadili sehemu ya kulala mara kwa mara, waulize wahudumu wa hifadhi walionekana wapi jana yake.

Msomaji wa Afrika ya Mashariki atashangaa kumkuta yangeyange katika nyanda hizohizo, akitembea kati ya ng'ombe wa Kiingereza vilevile anavyotembea kati ya ng'ombe wa Wamasai. Ndege huyo aliweka kiota Uingereza kwa mara ya kwanza mwaka 2008, huko huko Somerset, na jamaa yake mkubwa mweupe, mwenye shingo ndefu kama ya kulastara, akafuata mwaka 2012. Wote wawili ni mazoezi mazuri ya kupima mwanga, jambo tutakalolirudia.

Slimbridge, kando ya mto Severn, ilianzishwa na mhifadhi wa ndege Peter Scott mwaka 1946, nayo ni mahali pazuri pa kuanzia kwa asiyependa kutembea topeni, kwa sababu ina vibanda vya kutazamia vyenye paa, na kimojawapo hata kina joto. Hapo hufika bata-maji (kwa Kiingereza swan) wadogo kutoka Urusi ya Aktiki, ambao kila mmoja ana mchoro wake wa njano na nyeusi mdomoni; tangu mwaka 1964 watafiti wa hapo wamekuwa wakiwatambua mmoja mmoja kwa michoro hiyo. Piga picha za vichwa kwa ubavu na kwa mbele, na baada ya muda nawe utawatofautisha.

Mashariki kuna Ouse Washes, ukanda wa malisho wa kilomita kama 30 kati ya mito miwili iliyochimbwa katika karne ya 17 ili kupokea maji ya ziada ya majira ya baridi. Mchana bata-maji wakubwa waliotoka Iceland hula mabaki ya viazisukari mashambani, na machweo hurudi majini kwa makundi wakipiga kelele. Aliye London asiye na gari anaweza kuridhika na London Wetland Centre iliyoko Barnes, iliyofunguliwa mwaka 2000, na aliye Leicester ana bwawa kubwa la Rutland Water.

Pwani ina hesabu nyingine, ile ya maji kupwa na kujaa. Huko Snettisham, kwenye ghuba ya The Wash, bamvua kubwa hufunika tambarare yote ya matope na kuwasukuma maelfu ya ndege wa ufukweni hadi kwenye mabwawa yaliyo nyuma ya ukingo wa changarawe. Wakati wa maji mafu utaona nukta za mbali tu. Anayetoka Lamu au Unguja hahitaji kufundishwa jambo hili. Anachohitaji ni jedwali la maji la mahali hapo, na kufika saa moja na nusu kabla ya maji kujaa kabisa.

Hatua ya 4: Subiri mwanya

Mvua nyingi za majira ya baridi huletwa na mifumo ya hewa itokayo Atlantiki. Kwanza upepo hutoka kusini au kusini-magharibi na mawingu hushuka, kisha mvua hunyesha kwa saa kadhaa, halafu upepo hugeukia magharibi au kaskazini-magharibi, hewa husafika ghafla na kubaki manyunyu ya hapa na pale. Mgeuko huo ndio unaoutaka. Ramani ya rada ya mvua inayotolewa na Met Office, shirika la hali ya hewa la Uingereza, huonyesha ukingo wa nyuma wa mvua ukisogea, na kwa kuutazama kila robo saa unaweza kukadiria utakapopita juu yako. Uwe umekwisha kuketi mahali pako wakati huo, badala ya kuondoka nyumbani mvua inapokoma, kwa kuwa ndege waliojikunyata hutoka kula mara moja, na mnandi hupanda kigogo na kutandaza mabawa yake akayakaushe.

Hatua ya 5: Vifaa na mavazi

Darubini ya 8x42 inafaa zaidi ya 10x42 katika mwanga hafifu. Ukigawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji, unapata upana wa mwali unaofika jichoni: milimita 5.25 kwa ya kwanza na 4.2 kwa ya pili. Hakikisha imejazwa naitrojeni, la sivyo itafanya ukungu ndani, na ukungu wa ndani haufutiki.

Kwa kamera, lenzi ya milimita 400 hadi 600 inatosha. Kiongeza-ukuzaji cha 1.4 hupunguza nusu ya mwanga, na cha 2 huacha robo tu, viache nyumbani. Kamera iliyoandikwa kwamba inastahimili hali ya hewa haimaanishi kwamba inazuia maji. Huhitaji kifuniko cha bei kubwa: mfuko imara wa plastiki uliotobolewa upande mmoja na kufungwa kwa mpira kwenye mdomo wa lenzi hufanya kazi nzuri, pamoja na taulo ndogo ya kutupia juu. Weka kikinga-mwanga kirefu mbele ya lenzi na uiinamishe chini usipopiga. Usibadili lenzi kwenye mvua. Lenzi inayorefuka unapovuta picha karibu hunyonya hewa yenye unyevu, basi ikaushe kabla ya kuirudisha. Betri huishiwa nguvu upesi kwenye baridi, kwa hiyo zile za akiba zikae mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Kuhusu mavazi, pamba ikilowa hunyonya joto, sufu huendelea kuhifadhi. Vaa matabaka, juu yake koti la mvua lisilokwaruza kelele, na gambuti zenye nafasi ya soksi mbili. Glavu nyembamba ndani ya glavu nene hukuwezesha kubonyeza kitufe bila kuacha vidole wazi. Kipande cha sponji ngumu cha kukalia ni kitu duni kwa bei ambacho kitakuongezea saa nzima ya uvumilivu. Andika kumbukumbu kwa penseli, kwa maana wino hutiririka.

Hatua ya 6: Mipangilio ya kamera

Tumia hali ya mkono, ambapo wewe unachagua kasi ya shata na uwazi wa lenzi, na uiachie kamera ichague yenyewe ISO, yaani wepesi wake wa kupokea mwanga. Fungua lenzi kadiri inavyoweza. Kisha kasi ifuate tabia ya ndege: aliyetua na kutulia, 1/250 hadi 1/500 ikiwa lenzi imetulizwa, bata-maji au kulastara akiruka, 1/1000, bata wadogo waendao kwa mbio, 1/2000 au zaidi. Katika mawingu mazito hilo litakupeleka kwenye ISO 3200, 6400, au hata juu ya hapo, nawe usiogope. Picha yenye chembechembe iliyopimwa vizuri husafishika kwa programu za leo, lakini picha iliyopigwa giza kwa kuogopa ISO, kisha ikaangazwa kwenye kompyuta, huwa chafu zaidi. Hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote, na mizizi yake ni ushauri wa zamani wa siku za filamu. Piga kwa RAW, yaani faili ghafi la kamera, ili ubaki na nafasi ya kurekebisha.

Kipimo cha mwanga cha kamera hudanganyika kwa namna mbili. Ndege akiwa mbele ya anga jeupe, kamera humfanya kivuli cheusi. Ongeza fidia ya +1 hadi +2. Bata-maji au yangeyange akiwa mbele ya maji meusi, kamera huangaza mno na manyoya meupe hupoteza mistari yake. Punguza kati ya theluthi moja na hatua nzima. Tazama histogramu, yaani mchoro wa mgawanyo wa giza na mwanga pichani, baada ya picha ya kwanza, na ukiona upande wa kulia umegonga ukuta, shuka. Weupe uliopotea haurudi, ilhali maji yakiwa meusi kidogo hakuna atakayelalamika.

Mvua yenyewe inaweza kuingia pichani. Kwa kasi ya 1/60 hadi 1/125 matone huonekana kama nyuzi ndefu. Kwa 1/500 huwa vipande vifupi. Lakini nyuzi hizo hazionekani juu ya anga jeupe, bali zinahitaji mandhari ya giza nyuma: ukingo wa miti, matete yaliyolowa, au kivuli cha daraja. Mwanga ukitoka nyuma ya mvua, matone hung'aa. Chagua ndege asiyejali mvua, kama bata aliyelala au kulastara aliyesimama, uweke kamera juu ya mfuko uliojazwa mchele au maharage, na upige picha nyingi, kwa sababu katika kasi ndogo kichwa kikicheza kidogo tu jicho hupotea. Fokasi ya moja kwa moja hushika matone ya karibu badala ya ndege. Tumia nukta moja iliyowekwa jichoni, na kama lenzi yako ina swichi ya kuzuia fokasi ya karibu, iwashe.

Bata dume wa majira haya huwa katika mavazi yao bora, wakichumbia tangu Novemba kwa kutupa vichwa nyuma na kurusha maji. Shuka hadi usawa wa maji. Picha ya bata iliyopigwa kutoka juu ya ukingo ni rekodi tu. Iliyopigwa kwa kulala kifudifudi hutenganisha ndege na mandhari, na mawingu mazito huyapa maji rangi ya fedha isiyo na mng'ao mkali, jambo ambalo siku ya jua haitoi.

Hatua ya 7: Mwendo na adabu

Majira ya baridi ndege huishi kwa hesabu finyu. Ndege mdogo anaweza kupoteza takriban asilimia 10 ya uzito wake kwa usiku mmoja wa baridi kali, na mchana mfupi ndio muda wake wote wa kulipa deni hilo. Kila mara unaporusha kundi, umelinyang'anya chakula. Kwa hiyo usimfuate ndege. Kaa mahali anapopita, na akiinua shingo au kuacha kula, simama au rudi nyuma. Ndege aina ya mkesha wanaotoka Skandinavia, kwa mfano, hukatiza kati ya miti ya matunda mekundu na viwanja vya mpira vilivyolowa, na mtu aliyekaa kimya kando ya uwanja huwaona vizuri kuliko anayewavizia.

Sheria ya mwaka 1981 ya wanyamapori inamlinda mdiria na bundi mweupe kwa ukali wa pekee wawapo kwenye viota au karibu navyo, hata kupiga picha huhitaji kibali. Kiota si shughuli ya Januari, lakini mahali anapolala bundi pasitangazwe mitandaoni katika msimu wowote. Wenye kulisha ndege nyumbani wasafishe vyombo mara kwa mara, kwa sababu vyombo vichafu vimeeneza ugonjwa wa koo uliowaua ndege wengi wa bustani tangu katikati ya miaka ya 2000. Ndege aliyekufa asiguswe, kwa sababu ya homa ya mafua ya ndege. Wajulishe wizara inayohusika, Defra.

Na nafsi yako pia ina haki. Maji yanayotembea ya kina cha sentimita 30 yanaweza kuliinua gari, wala barabara iliyozama haionyeshi shimo lililochimbika chini yake. Geuza gari. Pwani, usitembee juu ya matope wakati wa maji kupwa bila kujua njia ya kurudi.

Hatua ya 8: Ukirudi nyumbani

Kamera baridi ikiingizwa katika chumba chenye joto hutokwa na jasho nje na ndani. Itie katika mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri ukiwa bado nje, toa kadi ya kumbukumbu kwanza, kisha uiache mfukoni saa moja au mbili hadi ifikie joto la chumba. Ndipo uitoe, uipanguse kwa kitambaa kikavu kwa kugusagusa bila kusugua, na uiache wazi usiku kucha mahali penye hewa. Usiiweke juu ya kipasha joto cha ukutani, kwa maana gundi na grisi za ndani huharibika. Kamwe usiirudishe katika begi lililolowa: kuvu huota ndani ya lenzi kwenye giza lenye unyevu, na anayeijua Tanga au Malindi ameshaona lenzi iliyofunikwa na utando wa aina hiyo. Begi lianikwe peke yake, likiwa tupu na vifuko vya silika jeli vibadilishwe au vikaushwe katika oveni kwa joto dogo kadiri ya maelekezo ya mtengenezaji.

Wakati vifaa vinakauka, hamishia picha kwenye kompyuta na nakala yake kwenye diski nyingine, kisha andika pamoja na tarehe kipimo cha maji cha siku hiyo, mwelekeo wa upepo, na saa ndege walipofika. Gambuti zijazwe karatasi za magazeti, na karatasi hizo zibadilishwe mara moja kabla ya kulala.